Mgeni, Mwenyeji na Jembe: Maadili ya Kumbukumbu katika Makumbusho ya Karen Blixen

Utangulizi

Fasihi na jumba la makumbusho hukutana katika jambo moja la msingi: vyote viwili husimulia kwa kuchagua. Mwandishi huamua ni mhusika yupi apewe jina na yupi apite nyuma ya jukwaa akiwa amebeba sinia. Mhifadhi wa makumbusho naye huamua ni kiti kipi kiwekwe sebuleni na ni kipi kiachwe ghalani. Ndiyo maana uhakiki wa fasihi hauwezi kuliacha jumba la makumbusho mikononi mwa wanahistoria na mawakala wa utalii peke yao, hasa pale ambapo jumba lenyewe limezaliwa na kitabu.

Hali ndivyo ilivyo katika Makumbusho ya Karen Blixen, yaliyoko chini ya milima ya Ngong, pembezoni mwa Nairobi. Ni makumbusho madogo: nyumba moja ya mawe, baraza, bustani, na baadhi ya zana za shamba la kahawa. Yanahifadhi kumbukumbu ya mhamiaji mmoja kutoka Denmark, aliyeishi Kenya tangu mwaka 1914 hadi 1931, na ambaye baadaye aliandika kitabu *Out of Africa* (1937).

Swali linaloshughulikiwa na makala haya ni la kimaadili kabla ya kuwa la kifasihi: je, jamii iliyonyang'anywa ardhi ina wajibu gani kwa kumbukumbu ya mtu aliyenufaika na unyang'anyi huo? Iihifadhi nyumba yake kama alivyoiacha? Iivunje? Au iihifadhi kwa namna ambayo mwenye nyumba mwenyewe asingeichagua? Dai kuu la makala haya ni kwamba kuhifadhi si kosa, na kuvunja si haki. Kosa hutokea pale simulizi la nyumba linapogeuza uhusiano wa mgeni na mwenyeji, hata mwenyeji akaonekana kuwa sehemu ya mandhari, na mgeni akaonekana kuwa ndiye asili ya mahali.

Kuitazama nyumba kutoka Kabati

Swali hili huonekana wazi zaidi likiulizwa kutoka mbali kidogo na Nairobi. Mtu anayeondoka Kabati, soko la upande wa magharibi wa Kitui, na kufika Karen, hafiki kama Mgikuyu au Mmaasai ambaye wazee wake walihamishwa kutoka ardhi hiyo. Hafiki pia kama mtalii kutoka Ulaya aliyekuja kutafuta mandhari ya filamu aliyoipenda. Yeye ni raia. Nyumba hiyo ni mali ya Makumbusho ya Taifa la Kenya, na kwa hiyo ni yake pia. Hata hivyo, simulizi linaloelezwa humo halimtaji. Nafasi hiyo ya katikati, ya mmiliki asiyetajwa, ndiyo nafasi bora ya kuulizia maswali, kwa sababu haifungwi na uchungu wa moja kwa moja wala haipumbazwi na mahaba ya mbali.

Isitoshe, mtu wa Kitui ana historia yake mwenyewe ya kuwapokea wageni kutoka Ulaya. Mwaka 1849, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Kitui na kupokewa na Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu. Ni akiwa huko, mnamo tarehe 3 Desemba 1849, Krapf alipouona Mlima Kenya. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana, akiwa safarini pamoja na mgeni wake huyo. Haya ni mahusiano ya mgeni na mwenyeji kwa maana kamili: mwenyeji ndiye mwenye njia, mwenye chakula na mwenye kauli, mgeni hula, huuliza, huandika, kisha huenda zake. Yawezekana kuyahoji malengo ya Krapf, na wahakiki wengi wameyahoji, lakini haiwezekani kusema kwamba alimgeuza Kivoi kuwa mpangaji katika boma la Kivoi.

Waswahili husema kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii ina falsafa nzima ya uhamiaji ndani yake. Haimfukuzi mgeni, inampa nafasi ya kuwa mwenyeji kwa njia ya kazi. Jembe ndilo hati ya uraia. Anayelima pamoja na wenyeji hatimaye huzika na kuzikwa pamoja nao. Hii ina maana kwamba maadili ya uhamiaji, kwa mujibu wa methali hii, hayapimwi kwa asili ya mtu wala kwa rangi yake. Yanapimwa kwa swali moja: nani alimpa nani jembe?

Jembe lililogeuzwa

Kwa kipimo hicho, mfumo wa walowezi nchini Kenya ulikuwa kinyume kamili cha methali. Sheria ya Ardhi ya Utawala ya mwaka 1915 ilimwezesha mlowezi kukodi ardhi kwa miaka 999, na wakati huohuo ikamfanya Mwafrika kuwa mkaaji kwa ridhaa ya serikali tu. Sheria ya mwaka 1918 kuhusu maskwota ilimlazimisha Mwafrika anayeishi katika shamba la mlowezi kulifanyia kazi kwa siku zisizopungua 180 kila mwaka. Yaani mgeni ndiye aliyempa mwenyeji jembe, na akalitoa kama sharti la mwenyeji kuruhusiwa kubaki alipozaliwa.

Shamba la Blixen lilikuwa ndani ya mfumo huo. Lilikuwa na eneo la takriban ekari 6,000, ambapo sehemu ndogo tu ilipandwa kahawa, na sehemu nyingine ilikaliwa na maskwota na mifugo yao. Mahali penyewe palikuwa juu mno kwa kilimo cha kahawa; mavuno hayakutosha, kiwanda kikaungua mwaka 1923, na hatimaye kampuni ikauza shamba. Mwaka 1931 Blixen alirudi Denmark, asirejee Kenya tena hadi alipofariki mwaka 1962.

Jambo la kuvutia kwa mhakiki ni kwamba kitabu chenyewe hakikulificha suala hili kikamilifu. Katika *Out of Africa*, msimulizi anakiri kwamba maskwota wake wengi walizaliwa shambani humo na baba zao vilevile, na kwamba pengine wao walimwona yeye kuwa ni skwota wa daraja la juu katika ardhi yao. Hii ni kauli nzito. Kwa muda wa sentensi chache, mlowezi anajiona kwa jicho la mwenyeji, na jembe linarudi mkononi mwa mwenyewe. Lakini kauli hiyo inasemwa kwa mzaha wa upole, na baada yake simulizi linaendelea na mkondo wake kama kwamba hakuna lililosemwa. Msimulizi ameuona ukweli, akaupamba, akaupita.

Haki inadai isemwe pia kwamba shamba lilipouzwa, Blixen alizunguka ofisi za serikali akiwaombea maskwota wake wapewe mahali pa kuishi pamoja, wasitawanywe, na hatimaye ardhi ikapatikana katika eneo la Dagoretti. Tendo hilo lilikuwa jema. Hata hivyo, wema wa mtu mmoja ndani ya mfumo dhalimu haufuti dhuluma ya mfumo. Zaidi ya hayo, wenyewe walihitaji kuombewa kile kilichokuwa chao, na hitaji hilo la kuombewa ndilo lililokuwa jeraha.

Nyumba kama matini

Nyumba yenyewe ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi Msweden, na Blixen akahamia humo mwaka 1917. Mwaka 1964 serikali ya Denmark iliinunua na kuitoa kwa serikali ya Kenya kama zawadi ya uhuru, nayo Kenya ikaitumia kwanza kama sehemu ya chuo. Filamu iliyoongozwa na Sydney Pollack ilitoka mwaka 1985. Mwaka uliofuata, 1986, nyumba ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mfuatano huu wa miaka unaeleza mengi. Kwa zaidi ya miongo miwili taifa lilikuwa na nyumba hiyo bila ya kuiona kuwa ni kumbukumbu. Iligeuka kuwa kumbukumbu baada ya dunia kuipenda kwenye skrini.

Kwa hiyo mgeni anayeingia humo hasomi maisha ya Blixen moja kwa moja. Anasoma matini yenye tabaka tatu: maisha, kitabu kilichoyapamba maisha, na filamu iliyokipamba kitabu. Baadhi ya samani zilizomo ndizo zilizotumika katika filamu, ilhali sehemu ya samani zake halisi, alizoziuza kabla ya kuondoka, ilipata makao katika maktaba ya McMillan katikati ya Nairobi. Hili si kosa la kughushi, maana kila makumbusho hujaza mapengo. Tatizo ni la kinadharia: kilichobuniwa kwa ajili ya mahaba ya filamu kinapata mamlaka ya ushahidi wa historia. Kiti cha mwigizaji kinaketi mahali pa kiti cha mlowezi, na ni vigumu kumhukumu mlowezi kutoka katika kiti cha mwigizaji.

Aidha, Blixen alikuwa mchoraji. Alisomea sanaa Copenhagen, na akiwa shambani alichora picha kadhaa za watu waliomzunguka, akiwemo kijana wa Kisomali, mzee wa Kigikuyu na msichana wa Kigikuyu. Picha hizo zina ustadi na zina heshima ya aina yake. Nyuso zimetazamwa kwa makini, hazikudhihakiwa. Kijana wa Kisomali anajulikana kwa jina lake, Abdullahi. Lakini msichana anajulikana kwa kabila lake tu. Mgeni kutoka Kabati, akiitazama picha ya msichana huyo, hana budi kujiuliza: mtu anapochorwa uso wote, mpaka ushanga wa shingoni, kisha jina lake likaachwa, je, amehifadhiwa au amepotezwa kwa njia ya kupendeza?

Ngũgĩ wa Thiong'o, katika insha yake kuhusu Blixen iliyomo katika *Moving the Centre* (1993), alishikilia kwamba upendo wa mwandishi huyu kwa Waafrika ulikuwa upendo wa mmiliki kwa wanyama wake, na kwamba upendo wa namna hiyo ni hatari kuliko chuki ya wazi kwa kuwa huonekana kama ubinadamu. Hoja hiyo ni kali, na wapo walioijibu kwa kusema kwamba sanaa isihukumiwe kwa mizani ya siasa. Jibu hilo halitoshi. Anayemhukumu Blixen kwa namna anavyowasawiri wahusika wake anahukumu sanaa yenyewe, kwani usawiri wa wahusika ndio sanaa. Hata hivyo, hoja ya Ngũgĩ inahusu kitabu. Nyumba inaleta tatizo jingine: kitabu hakibadiliki baada ya mwandishi kufa, bali makumbusho hubadilika kila asubuhi mlango unapofunguliwa. Lawama ya kitabu ni ya mwandishi wake. Lawama ya makumbusho, tangu 1986, ni ya wenyeji.

Sauti ya jikoni

Katika *Out of Africa*, Kamante Gatura ni mtoto mgonjwa anayetibiwa, kisha anakuwa mpishi hodari asiyeonja anachokipika. Ni mmoja wa wahusika wanaokumbukwa sana. Kilicho adimu katika fasihi ya walowezi ni kwamba mhusika huyu alipata nafasi ya kujibu. Mwaka 1975 simulizi zake zilichapishwa katika kitabu *Longing for Darkness*, pamoja na michoro yake mwenyewe. Humo Kamante anaeleza shamba kutoka upande wa jikoni na njia za miguu.

Ni lazima kuwa na tahadhari hapa. Simulizi za Kamante zilikusanywa na kuhaririwa na Mmarekani Peter Beard, na ziliwafikia wasomaji kwa Kiingereza. Kwa hiyo sauti hiyo nayo imepita katika mkono wa mwingine. Hata hivyo, kuwapo kwake kunabadilisha namna ya kuisoma nyumba. Jiko linaacha kuwa chumba cha nyuma, linakuwa mahali pa msimulizi wa pili. Nyumba yenye wasimulizi wawili haiwezi tena kudai kwamba historia yake ni ya mtu mmoja. Basi ikiwa makumbusho yanataka kuwa ya haki, hayahitaji kumfukuza Blixen sebuleni. Yanahitaji kumruhusu Kamante atoke jikoni akiwa na jina lake, kauli yake na michoro yake, na kando yake Farah Aden, Msomali aliyekuwa msimamizi wa nyumba na mshauri wa bibi kwa miaka yote hiyo.

Wadenmark wa Solvang

Yaweza kudhaniwa kwamba ugumu huu ni wa Kenya peke yake. Ulinganisho na nchi nyingine unaonyesha vingine. Katika jimbo la California, Marekani, kuna mji wa Solvang, ulioanzishwa na wahamiaji wa Denmark mwaka 1911, yaani miaka mitatu kabla ya Blixen kufika Mombasa. Katika mji huo kuna jumba dogo la historia na sanaa liitwalo Elverhøj, ambalo lilikuwa nyumba ya mchongaji Viggo Brandt-Erichsen na mkewe Martha Mott, na ambalo lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1988. Nalo pia ni nyumba ya wasanii iliyogeuzwa kumbukumbu ya wahamiaji.

Tofauti ni dhahiri. Wadenmark wa Solvang walibaki. Walilima wenyewe, wakajenga shule na kanisa, wakazikwa huko, na makumbusho yao yametunzwa na jamii yao. Jembe walilishika kwa mikono yao. Kwa mtazamo wa haraka, wao wametimiza sharti la methali. Lakini methali ina sehemu mbili: jembe, na mwenye kulitoa. Bonde wanaloishi ni la Wachumash, ambao walikuwapo kabla ya misheni ya Wahispania ya Santa Inés kuanzishwa mwaka 1804, na ambao mwaka 1901 walibakishiwa hifadhi ndogo jirani na hapo. Wadenmark walinunua ardhi yao kwa halali ya sheria, kutoka kwa watu ambao hawakuipokea kutoka kwa wenyeji. Walishika jembe, lakini si mwenyeji aliyewapa.

Kwa hiyo kazi peke yake haimgeuzi mhamiaji kuwa mwenyeji, na kuondoka peke yake hakumgeuzi kuwa mgeni mwema. Solvang na Karen zinafundisha somo moja kwa njia mbili: urithi wa mhamiaji hauwezi kusimuliwa kwa haki bila kumtaja yule aliyekuwapo mlangoni alipofika.

Zawadi na kabati

Yabaki suala la zawadi. Wapo wakazi wa Kitui na Makueni walioijua Denmark kwanza kwa miradi ya kilimo na hifadhi ya udongo iliyofadhiliwa na Danida, na katika miradi hiyo uhusiano wa mtoaji na mpokeaji uko wazi. Nyumba ya Karen ni zawadi ya namna tata zaidi. Taifa lililopata uhuru mwezi Desemba 1963 lilipewa mwaka uliofuata nyumba iliyosimama juu ya ardhi yake lenyewe. Hapana haja ya kumshuku mtoaji. Nia yake yaweza kuwa njema kabisa. Lakini mpokeaji wa zawadi ya namna hiyo hapaswi kuipokea kama fadhila. Anapaswa kuipokea kama kitu kilichorudishwa, na kilichorudishwa hakimfungi mtu kwa shukrani. Ana uhuru wa kukisimulia atakavyo.

Uhuru huo una uzito zaidi ukikumbukwa upande wa pili wa biashara hii ya kumbukumbu. Katika miaka ya 1911 na 1912, Msweden Gerhard Lindblom alifanya utafiti miongoni mwa Wakamba, na baadaye akachapisha kitabu kikubwa juu ya maisha yao pamoja na juzuu za ngano, vitendawili na methali zao. Hatimaye akawa mkuu wa makumbusho ya ethnografia mjini Stockholm. Kazi yake ina thamani, na mwanafunzi wa fasihi simulizi ya Kikamba hawezi kuikwepa. Lakini desturi ya makumbusho ya ethnografia ya enzi hiyo ilikuwa kukiandika kigoda cha miguu mitatu chenye nakshi za waya, au kiondo, kwa jina la kabila tu, pasipo jina la fundi.

Neno kabati, ambalo kwa sauti ni jina la soko la Kitui, kwa Kiswahili ni mahali pa kuhifadhia vitu. Makumbusho ya Ulaya yenyewe yalianzia katika makabati na vyumba vya maajabu, kama mkusanyiko wa tabibu Ole Worm wa Copenhagen, ambao orodha yake ilichapishwa mwaka 1655, na ambamo vitu vya mataifa ya mbali vilipangwa pamoja na mifupa ya wanyama. Hapo ndipo ukosefu wa usawa unapojidhihirisha. Mhamiaji mmoja wa Denmark amehifadhiwa Kenya akiwa na nyumba nzima, jina lake, baraza lake, hata mtaa wa jiji unaoitwa Karen. Fundi wa Ukambani amehifadhiwa Ulaya katika kabati, akiwa ni kabila.

Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba nyumba ya Blixen isivunjwe. Nyumba iliyovunjwa haitoi ushahidi, na dhuluma isiyo na ushahidi huwa uvumi. Mwaka mmoja tu baada ya *Out of Africa* kuchapishwa, Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi kupinga kunyang'anywa mifugo yao, mwaka 1938. Anayesoma kitabu kile asipojua maandamano yale anaweza kuamini kwamba Kenya ya miaka hiyo ilikuwa nchi ya machweo na upweke. Vikisomwa pamoja, kila kimoja humweleza mwenzake.

Wajibu wa makumbusho, basi, ni kumweka mgeni katika nafasi yake ya ugeni, bila ya kumdhalilisha, na kumrudishia mwenyeji jina lake, bila ya kumtakasa. Wajibu wa mhakiki ni kuisoma nyumba kama anavyosoma riwaya: kumtafuta msimulizi, kuhesabu wasiosema, na kuuliza ni kwa nini hawasemi. Na wajibu wa raia anayetoka Kabati ni kuingia mlangoni kama mwenye nyumba, si kama mtazamaji. Akiona picha isiyo na jina, aulize jina. Swali hilo likiulizwa mara nyingi vya kutosha, mhifadhi atalazimika kulitafuta jibu lake, na hata lisipopatikana, pengo lenyewe litakuwa limeandikwa ukutani.